Endothelia ni nini, na inahusianaje na presha?

Siku mbuzi akichinjwa nyumbani, kabla moyo haujapelekwa jikoni, tafuta ule mshipa mnene mweupe unaochomoza juu yake. Huo ndio aota. Upasue kwa urefu, uutandaze, kisha upitishe kidole upande wa ndani. Unateleza, na ukiugeuzia kwenye mwanga unang'aa kama sahani iliyotoka kuoshwa. Utelezi huo unatokana na seli zilizolala bapa, zikipakana kama vigae vya sakafu, na unene wa tabaka zima ni seli moja tu. Tabaka hilo ndilo endothelia. Ukisugua kidogo limeshabanduka, wala hutajua kwamba umeharibu kitu. Hilo la kusugua tulishike, maana liliwapoteza wanasayansi kwa miaka mingi.

Endothelia iko katika kila mshipa wa damu, kuanzia aota hadi kapilari, vile vishipa vyembamba kuliko unywele ambavyo ukuta wake karibu wote ni endothelia peke yake. Zamani vitabu vya tiba viliieleza kama lipu ya ndani: izuie damu isivuje na isigande ukutani, basi. Siku hizi inahesabiwa kuwa kiungo kamili, chenye kuhisi na kutoa amri.

Amri gani? Hapo ndipo presha inapoingia. Mtaani "presha" ni moyo kwenda mbio, ni hasira, ni simu ya usiku wa manane yenye habari mbaya. Daktari akisema presha anazungumzia nguvu ambayo damu inasukumia kuta za ateri, mishipa inayotoa damu moyoni, na nguvu hiyo inategemea mambo mawili: moyo unatoa damu kiasi gani, na damu inakutana na ukinzani kiasi gani njiani. Kwa watu wengi walioishi na presha ya kupanda kwa miaka, moyo unatoa kiasi cha kawaida tu. Kilichobadilika ni ukinzani, na ukinzani mwingi uko kwenye ateri ndogo kabisa, zile zinazotangulia kapilari. Hesabu yake haina huruma. Upana wa mshipa ukipungua kwa nusu, ukinzani hauongezeki mara mbili bali mara 16. Ukipungua kwa asilimia 10 tu, ukinzani unapanda kwa takriban asilimia 50. Mshipa mdogo ukijibana kidogo usichoweza hata kukiona, mkanda wa presha mkononi unakiona.

Kinachobana na kulegeza ni misuli laini inayouzunguka mshipa kama pete. Kwamba misuli hiyo inasikiliza neva na homoni, hilo lilijulikana zamani. Kwamba inasikiliza pia ile lipu ya ndani, hilo lilipatikana kwa kosa la maabara.

Robert Furchgott alikuwa mtaalamu wa famakolojia, elimu ya dawa, huko Brooklyn, New York. Kwa miaka alikuwa akikata vipande vya aota ya sungura, akivitundika ndani ya maji yenye chumvi na kuviwekea dawa ili aone vinajibana au vinalegea. Asetilikolini, kemikali ambayo neva huitumia kupeleka ujumbe, ilimsumbua. Ukimdunga mnyama aliye hai, presha yake inashuka, maana yake mishipa inalegea. Ukiiweka kwenye kipande cha aota mezani, kinajibana. Mwaka 1978 msaidizi wake hakufuata hatua za jaribio kama alivyoagizwa: hakuosha dawa ya kwanza kabla ya kuweka ya pili, iliyo jamii ya asetilikolini. Kipande kikalegea. Badala ya kugomba na kurudia jaribio, Furchgott aliuliza kwa nini. Jibu lilikuwa kwenye vidole vyao wenyewe. Katika kuandaa vipande, upande wa ndani ulikuwa ukisuguliwa, na endothelia ikibanduka. Kipande chenye endothelia kililegea. Kisicho nayo kilijibana.

Kisha akafanya kitu ninachokipenda kuliko vyote katika habari hii. Alichukua kipande kilichobanduliwa, akakilaza juu ya kingine chenye endothelia yake, uso kwa uso, kama mkate na mkate. Akaweka asetilikolini. Msuli uliobanduliwa, ambao peke yake ungejibana, ukalegea. Kwa hiyo endothelia ilikuwa inatoa kitu, na kitu hicho kilivuka kutoka kipande kimoja hadi kingine. Yeye na John Zawadzki walichapisha matokeo hayo mwaka 1980.

Kitu chenyewe kiligeuka kuwa gesi. Mwaka 1986 Furchgott na Louis Ignarro, kila mmoja kwa njia yake, walisema ni nitriki oksidi, ambayo wanakemia huiandika NO, na mwaka 1987 kundi la Salvador Moncada nchini Uingereza liliipima ikitoka kwenye seli zenyewe. (Usiichanganye na nitrasi oksidi, ile gesi ya ganzi.) Watu walishangaa, maana gesi hii wengi waliijua kama uchafu wa moshi wa magari. Ferid Murad alikuwa ameshaonyesha mwaka 1977 kwamba nitrogliserini, dawa ya kuweka chini ya ulimi kwa maumivu ya moyo, hufanya kazi kwa kutoa gesi hiyohiyo. Tuzo ya Nobel ya 1998 ilikwenda kwa Furchgott, Ignarro na Murad. Moncada aliachwa, na wapo wanaonung'unika hadi leo. Alfred Nobel mwenyewe, aliyetajirika kwa baruti ya nitrogliserini, aliandikiwa na madaktari dawa hiyohiyo uzeeni, akalitaja jambo hilo kwenye barua kama mzaha wa majaliwa.

Ndani ya mwili kazi inakwenda hivi. Damu ikipita kwa kasi inausugua uso wa endothelia. Seli zinahisi msuguo, kalsiamu inapanda ndani yake, na kimeng'enya kiitwacho eNOS kinachukua arginini, moja ya amino asidi tunazozipata kwenye chakula, na kutengeneza NO kutoka humo. Gesi haihitaji mlango. Inapenya hadi kwenye misuli laini iliyo jirani, inaamsha kimeng'enya kingine, na msuli unalegea. Sekunde chache baadaye NO imeshatoweka. Ndiyo maana lazima itengenezwe muda wote, mchana na usiku. Endothelia hiyohiyo hutoa pia endothelini, iliyotambuliwa Japani mwaka 1988, ambayo hubana mishipa kwa nguvu kubwa. Mkono mmoja unalegeza, mwingine unabana.

Wataalamu wanaposema endothelia "imedhoofika", wanamaanisha mizani hiyo imeegemea upande wa kubana. Seli zipo, hazijafa, ila NO inayofika kwenye msuli ni pungufu, ama kwa sababu inatengenezwa kidogo, ama kwa sababu inaharibiwa njiani na radikali huru, yaani chembe kali za oksijeni. Mwaka 1990 watafiti wa Marekani waliwapa wenye presha ya kupanda asetilikolini moja kwa moja kwenye ateri ya mkono. Damu iliongezeka mkononi, lakini kidogo kuliko kwa watu wenye presha ya kawaida. Kisha wakawapa dawa inayotoa NO yenyewe bila kupitia endothelia, na hapo tofauti ikapotea. Yaani msuli ulikuwa bado unajua kulegea. Aliyetakiwa kutoa amri ndiye aliyekuwa kimya. Mwaka 1995 huko Boston walitengenezwa panya wasio na jeni ya eNOS, na presha yao ilikuwa juu.

Mtu angedhani hapo mjadala umekwisha, kumbe sivyo. Presha kubwa nayo huichakaza endothelia, kwa hiyo ukimkuta mgonjwa ana vyote viwili, huwezi kusema kwa kumtazama kipi kilitangulia. Hapo ndipo watu walipogeukia jeni, kwa sababu jeni unazaliwa nazo. Haziwezi kuwa zimeletwa na presha.

Swali la kawaida sebuleni ni je, presha ni ya ukoo? Kwa sehemu, ndiyo. Yapo magonjwa adimu ambapo jeni moja tu iliyoharibika inatosha. Katika ugonjwa wa Liddle, ambao chanzo chake kilipatikana mwaka 1994, mlango wa sodiamu kwenye figo unabaki wazi, chumvi inarudi mwilini badala ya kutoka na mkojo, na kijana anapata presha ya mzee. Karibu magonjwa yote ya aina hiyo yanaelekeza kwenye figo na chumvi, wala si kwenye endothelia. Watu wa figo wamelishikilia hilo kama ushahidi kwamba wao ndio wenye presha.

Ila presha ya watu wengi si ya jeni moja. Mwaka 2016 uchunguzi wa watu zaidi ya 340,000 ulitaja sehemu 66 za vinasaba zinazohusiana na presha, na sehemu hizo zilikutwa kwa wingi kwenye swichi za jeni zinazotumika ndani ya seli za endothelia. Mwaka 2018, watu walipozidi milioni moja, sehemu zikafika 901, na jirani ya jeni ya eNOS kwenye kromosomu ya 7 ni mojawapo. Nyingi kati ya hizo, kila moja peke yake, haisogezi presha hata kwa milimita moja ya zebaki, kile kipimo cha presha. Na wengi wa waliopimwa wana asili ya Ulaya. Kwetu, utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulisoma vinasaba vya Waganda wapatao 6,400: ni mwanzo mzuri, lakini mdogo ukiuweka kando ya milioni.

Kabla hujazilaumu jeni, utazame pia utafiti uliochapishwa mwaka 1990 juu ya Wajaluo waliohama vijiji vya magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi. Jeni zao hazikubadilika barabarani. Presha ilibadilika, na ndani ya miezi ya mwanzo tu: ikawa juu kuliko ya wenzao waliobaki kijijini, huku mkojo ukionyesha sodiamu imeongezeka na potasiamu imepungua. Binafsi naona jeni zinaeleza kwa nini ndugu wawili wanaokula chungu kimoja wanapata presha tofauti, na chungu kinaeleza kwa nini ukoo mzima umepanda kuliko babu zao.

Mahali ambapo endothelia inaonekana waziwazi kuwa ndiyo iliyoshambuliwa ni kwenye ujauzito, katika ile presha ambayo isipodhibitiwa huweza kuishia kwenye kifafa cha mimba. Mwaka 2003 kundi la Ananth Karumanchi huko Boston lilionyesha kwamba kondo la nyuma lenye matatizo humwaga kwenye damu ya mama protini iitwayo sFlt-1. Protini hiyo hunasa VEGF, protini nyingine ambayo endothelia huitegemea ili iishi vizuri na kutengeneza NO. Mishipa inabana, figo zinavujisha protini kwenye mkojo, uso na mikono vinavimba. Walipowapa panya wenye mimba sFlt-1, nao wakapata presha na protini kwenye mkojo. Dawa za saratani zinazozuia VEGF huleta presha kwa njia hiyohiyo, hata kwa mwanamume.

Mtoto akizaliwa na kondo likatoka, sFlt-1 inashuka ndani ya siku chache, na kwa kawaida presha inafuata siku au wiki zinazokuja. Lakini wanawake hao, wakipimwa miaka kadhaa baadaye, kwa wengi wao ateri ya mkono bado hailegei kama ya wenzao, na uwezekano wao wa kupata presha ya kudumu ni mkubwa zaidi. Kwa hiyo mama wa miaka 45 anayefungwa mkanda wa presha kliniki anastahili kuulizwa jambo ambalo mara nyingi haliulizwi: mimba zake zilikwendaje.