Birika halikumpa Watt injini

Kijiweni kwetu hapa Bagamoyo, deli la kahawa likifuka mvuke, hakosekani mtu wa kusimulia: kijana James Watt alikaa jikoni, akaona kifuniko cha birika kinarukaruka, papo hapo akabuni injini ya mvuke. Kisa kitamu, lakini sivyo ilivyokuwa.

Injini ya Thomas Newcomen ilikuwa ikivuta maji migodini Uingereza tangu 1712, miaka 24 kabla Watt hajazaliwa. Watt alikuwa fundi wa vifaa vya vipimo Glasgow. Mwaka 1763 aliletewa mfano mdogo wa injini hiyo autengeneze, akaona unakula mvuke kupita kiasi, kwa kuwa silinda ileile hupashwa moto na kupozwa kila pigo. Mwaka 1765 likamjia wazo: mvuke upozwe kwenye chombo cha pembeni.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Pistoni, kizibo kinachopanda na kushuka ndani ya silinda, haikukaa sawasawa, mvuke ukapenya. Akaziba kwa vitambaa, gome jepesi la kutengenezea vizibo, hata karatasi. Aliyewahi kumtazama fundi wa majahazi ufukweni akitia kalafati, anashindilia pamba yenye mafuta kati ya mbao, chombo kinashushwa, kinavuja, kinapandishwa tena, atamwelewa Watt kuliko msimulizi wa birika. Tena fundi wetu ana afadhali: mbao zikilowa huvimba zikajiziba. Chuma hakina huruma hiyo.

Nafuu ilitoka kwa John Wilkinson, mtoboa mizinga ya vita. Mashine yake ikachonga silinda iliyonyooka mwaka 1775, na injini za kwanza za Watt za biashara zikawashwa 1776.