Busta au kile kiti kikubwa cha kulia? Maswali ya kina mama kliniki, na majibu yangu

Mimi ni nesi wa watoto huku Temeke. Siku za kupima uzito benchi linajaa asubuhi asubuhi, ukishamaliza kuandika kadi tu ndo maswali yanaanza, zamani ilikuwa meno na kuharisha, siku hizi ni viti. Wanauliza kuhusu busta, kale kakiti kadogo ka plastiki kanakofungwa kwa mikanda juu ya kiti cha kawaida mtoto akakaa akala na wenzie. Na tuelewane kabisa hapa, naongelea busta ya kulia chakula, sio ya kwenye gari. Hii ya chakula usiifunge kwenye gari wala bajaji, haikutengenezwa kuhimili ajali.

Nesi, nimepanga chumba na sebule, kile kiti kikubwa kirefu cha mtoto nitakiweka wapi? Busta inatosha kweli?

Inatosha dada. Kile kikubwa miguu imetanuka, kwa nyumba zetu kinakula njia yote, umeme ukikatika usiku mtu anajikwaa nacho, alafu ukikikunja ukakiegemeza ukutani kinamsubiri anayetambaa akivute kimwangukie. Mtoto hashibi kwa sababu ya kiti. Anachotaka ni mgongo umenyooka, asiyumbe, chakula kiwe usawa anaoufikia bila kunyanyua mabega, na wewe uko mbele yake mnatazamana. Hayo yote kwenye busta yanawezekana. Ubaya wake ni mmoja tu, busta haina miguu yake yenyewe, inaazima miguu ya kiti kingine, kwa hiyo kiti kikiwa kibovu na busta ni mbovu hata kama umeinunua ghali.

Wangu ana miezi 4 na nusu ila ni mkubwa, nimkalishe?

Bado. Ukubwa sio kukaa. Miezi 6 ndo wakati wa kuanza chakula, kabla ya hapo ni maziwa ya mama tu, na hata ikifika 6 mwangalie yeye, shingo iwe imekaza, aweze kukaa akisaidiwa kidogo, na ukimpa kijiko asikisukume nje na ulimi. Ukiona lazima umzungushie mito na kanga pande zote ndo akae wima basi kiti hakijamfaa, mpakate kwanza.

Sisi kwetu viti ni vile vya plastiki, nifunge juu yake?

Hapa ndo huwa nagombana na watu. Kiti cha plastiki ni chepesi, mgongo wake umepinda, mkanda unateleza, na vingi vyetu mguu mmoja ushaanza ufa. Mtoto wa miezi 8 usimuone vile, akipata ukingo wa meza anaweka nyayo anasukuma kwa nguvu zote, kiti kinaenda chali na yeye kafungwa ndani, kichwa ndo kinatangulia sakafuni. Nimeshapokea mtoto wa hivyo, mama yake alikuwa amegeuka kuchukua kijiko tu, kijiko jamani. Unataka kiti cha mbao au chuma, kizito, miguu minne iliyokaa sawa, mgongo wa kufungia mkanda wa nyuma na sehemu ya kukalia ya kuzungushia mkanda wa chini. Funga busta ikiwa tupu kisha itikise kama unaangusha maembe, ikicheza hiyo haijafungwa. Kiti kisogeze nyayo zake zisifike kwenye meza. Stuli haina mgongo, sofa linabonyea, hivyo vyote hapana.

Na kama mezani kuna kitambaa kitoe. Anavuta kitambaa, chai inakuja. Akiungua, maji ya bomba ya kawaida yanayotiririka dakika 20 ndo umpeleke hospitali, dawa ya meno, asali na unga wa ngano achana navyo.

Hatuna meza, tunakula mkekani. Basi busta sio yetu?

Ni yenu kuliko hata hao wenye meza! Iweke chini palepale kwenye mkeka, mtoto anakaa usawa na nyie, akidondoka anadondoka sentimita chache. Sijui nani alitudanganya kwamba mtoto ili ale kisasa lazima awe juu. Cha kukatazwa ni kukiokota hicho kiti cha chini na kukipandisha mezani au kwenye kaunta eti apigwe picha vizuri. Vile viti vya povu vya Bumbo vinavyotoka Afrika Kusini, mwaka 2012 kule Marekani ilitangazwa karibu milioni 4 viongezewe mkanda, kwa sababu watoto walikuwa wanachomoka na kuanguka, wengine vikiwa vimewekwa sehemu za juu. Kwenye mkeka tahadhari ni nyingine tu, jiko la mkaa na sufuria lililotoka kuepuliwa visiwe jirani.

Bibi mmoja aliuliza: nyie wote tuliwalea bila mikanda, kwa nini mnamfunga mjukuu wangu kama mbuzi?

Shikamoo bibi. Mlitulea mmetupakata, mikono yenu ndo ilikuwa mkanda. Kiti hakina mikono. Na mkanda muhimu kuliko wote ni ule unaopita katikati ya mapaja, usipokuwepo mtoto anateleza chini kwa chini, mwili unapita, shingo inakwama kwenye trei, ile sinia ya mbele ya kiti. Trei sio mkanda, hata ikibana vipi. Mfunge kila akikaa, hata ni ndizi moja tu, ukiweza kupitisha vidole viwili kati ya mkanda na tumbo basi umekaa vizuri. (Bibi alicheka, akasema basi na babu yake afungwe.)

Miguu inaning'inia, ina shida?

Ina shida ndogo ila ipo, jaribu wewe kula umekaa ukutani miguu hewani. Anachoka, anajinyonganyonga, unadhani kashiba kumbe anatafuta pa kukanyagia. Weka boksi gumu au kigoda chini ya nyayo zake. Kwenye mkeka tatizo hilo halipo.

Nimeona za mtumba soko la Karume, ninunue?

Nunua lakini kagua. Pindua uangalie chini, za Ulaya nyingi zimeandikwa EN 16120, hicho ndo kiwango cha viti vya kufunga juu ya kiti. Kama mkanda umekatwa au kifungo chake hakikamati acha, usijidanganye utafunga kanga. Ufa acha. Kisha nyumbani toa mikanda yote uloweke kwa sabuni, uji unaingia kwenye mshono, na kwa joto na unyevu wa Dar siku mbili tu inanuka na sisimizi wameshahamia. Zile zenye godoro la kitambaa mimi sizipendi, plastiki tupu inafutika.

Akikaa kwenye busta ndo hapaliwi?

Anapaliwa vizuri tu. Kukaa wima kunapunguza hatari, tena kunapunguza sana ukilinganisha na ule mtindo wa kumlaza mapajani, kumbana pua na kumminia uji, ule uache leo maana uji unaingia kwenye mapafu. Lakini karanga nzima, pipi, zabibu nzima na vipande vya muwa usimpe hata akikaa kwenye kiti cha mfalme. Karanga saga.

Akipaliwa anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Sauti ikikata, kama hajafika mwaka mlaze kifudifudi kwenye mkono wako kichwa kikiwa chini kidogo, mpige mara 5 katikati ya mabega kwa kisigino cha kiganja, kama bado mgeuze umbonyeze kifua katikati mara 5, rudia hivyohivyo huku mwenzio anatafuta usafiri. Aliyezidi mwaka, mgongoni mara 5, kisha unamkumbatia kwa nyuma na kumbana juu ya kitovu kwa kuvutia ndani na juu mara 5. Kidole mdomoni usiingize kama hukioni kilichokwama, utakisukuma mbele. Kwa hiyo hakikisha kifungo cha mkanda wa busta unaweza kukifungua kwa mkono mmoja, fanya mazoezi akiwa hayupo kitini.

Ataitumia mpaka lini?

Angalia kadi ya kliniki, ndo raha yake. Chini ya busta kuna uzito wa mwisho umeandikwa, nyingi ni kilo 15, na mtoto wa miaka 3 wengi wanacheza kwenye kilo 14. Mwenye busta ya kilo 15 aje nayo siku ya mzani, tutasoma wote maana yale maandishi ni madogo kweli, juzi mama mmoja alidhani 15 ni miezi.