Nyota pacha, na dhahabu tunayopima Bukavu

Mwisho wa Juni, saa mbili usiku, kiangazi kikiwa kimekausha mbingu ya Bukavu, tunatoa darubini ya idara yetu ya fizikia uani na kuielekeza kusini, kwenye nyota kali iliyo kushoto kwa Msalaba wa Kusini. Ukiitazama kwa macho matupu ni nyota moja, Alfa Sentauri. Ndani ya darubini zinatokea mbili. Safari hii wa kwanza kwenye foleni alikuwa mzee mmoja, sonara wa Kadutu. Alichungulia muda mrefu, kisha akauliza: "Mwalimu, zile mbili ziko zinakaa pamoja, ao ni macho yetu tu inaziona karibu?"

Swali hilo lilimshughulisha mtaalamu wa nyota William Herschel kule Uingereza kwa zaidi ya miaka 20. Alipima jozi za nyota mwaka baada ya mwaka, na mnamo 1803 akatangaza kwamba baadhi yake kweli zinazungukana, zimefungwa pamoja na uvutano. Za Alfa Sentauri huzungukana mara moja kwa miaka 80 hivi. Na si ajabu ya nadra: karibu nusu ya nyota zinazofanana na Jua zina mwenza, na kwa nyota kubwa zaidi, zisizo na mwenza ndizo chache.

Kinachoamua maisha ya nyota pacha ni umbali kati yao. Zile mbili za Alfa Sentauri, hata zikikaribiana kabisa, zinaachana kwa zaidi ya umbali wa Jua hadi Zohali. Kila moja inazeeka kivyake. Mambo hubadilika pale nyota zinapokaa karibu mno.

Sisi wa Bukavu tuna mfano mlangoni petu. Ziwa Kivu limezungukwa na milima, na maji yake yana tundu moja tu la kutokea: hapa mjini, kwenye Ruzizi. Ziwa likipanda, maji hayaruki mlima, yanapita hapo na kuteremka hadi Tanganyika. Kila nyota katika jozi nayo ina beseni lake la uvutano, na wanasayansi huita ukingo wake mpaka wa Roche, kwa jina la Mfaransa Édouard Roche. Kati ya mabeseni hayo mawili kuna sehemu moja ya chini. Nyota inapozeeka huvimba. Ikivimba hadi kujaza beseni lake, gesi yake hupita kwenye "Ruzizi" hiyo na kumwagikia mwenzake.

Ushahidi unaweza kuuona bila darubini. Desemba, saa tatu usiku, ukikaa Nguba na kutazama kaskazini juu ya ziwa, kuna nyota iitwayo Algol. Kila baada ya siku 2, saa 20 na dakika 49 hufifia hadi theluthi moja ya mwanga wake, kisha hurudi. Mwaka 1783 kijana kiziwi wa miaka 18, John Goodricke, alipima mzunguko huo na kupendekeza kwamba huenda kuna kitu kinachopita mbele yake. Leo tunajua ni nyota mwenza. Lakini mwenza huyo aliwatatiza wataalamu: ndiye mwepesi, na ndiye aliyezeeka zaidi, wakati kanuni inasema nyota nzito huzeeka mapema. Jibu ni kwamba zamani yeye ndiye aliyekuwa mzito. Alivimba kwanza, akammwagia mwenzake sehemu kubwa ya mwili wake.

Wakati mwingine gesi humwagika kwa kasi ambayo mpokeaji haiwezi. Hapo nyota zote mbili hufunikwa na wingu moja la gesi, na viini vyake huzunguka humo kama watu wanaotembea ndani ya matope: vinapoteza mwendo, vinasogeleana. Ama wingu litatupwa nje na kuacha jozi iliyobanana, ama nyota zitaungana. Tumewahi kushuhudia muungano wa namna hiyo. Nyota V1309 Scorpii ililipuka Septemba 2008. Darubini ya mradi wa OGLE huko Chile ilikuwa imeipiga picha kwa miaka kadhaa kabla, na picha hizo zilipochambuliwa zikaonyesha nyota mbili zikizungukana kwa siku 1.4, muda ukifupika mwaka hadi mwaka, mpaka zikawa moja.

Nilipofika hapo katika maelezo yangu, sonara alikuwa bado amesimama karibu, kwa hiyo nilimweleza sehemu inayomhusu yeye hasa.

Nyota nzito ikifa kwa mlipuko wa supanova inaweza kuacha nyota ya nyutroni: uzito unaozidi wa Jua, umebanwa katika upana wa kilomita 20 hivi, pungufu ya mwendo wa hapa hadi uwanja wa ndege wa Kavumu. Jozi ikiacha nyota mbili za namna hiyo, zinazungukana zikitoa mawimbi ya uvutano, yaani mitetemo ya anga yenyewe, na kukaribiana polepole, kwa mamilioni ya miaka. Tarehe 17 Agosti 2017 mitambo ya LIGO huko Marekani na Virgo ya Italia ilinasa mawimbi ya jozi moja ikigongana katika galaksi iliyo mbali nasi miaka ya nuru milioni 130 (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja). Mwanga wa mabaki ulianza wa buluu, ukageuka mwekundu kwa siku chache, dalili ya elementi nzito zilizotengenezwa papo hapo. Dhahabu ni mojawapo ya elementi ambazo migongano hiyo huzaa, ingawa huenda si chanzo pekee.

Dunia haikutengeneza dhahabu ya machimbo yetu ya Kivu Kusini, iwe ya Kamituga au ya Twangiza. Iliipokea kutoka wingu la gesi na vumbi lililoizaa miaka bilioni 4.6 iliyopita, kisha maji ya moto chini ya ardhi yakaikusanya kwenye mishipa ya mawe.

Mzee alitoa mfukoni kipande kidogo alichokuwa amekifunga kwenye karatasi, akakigeuza chini ya taa ya simu. "Basi hii imetangulia Dunia?" Nikamjibu ndiyo. Alikifunga tena taratibu, akarudi nyuma ya foleni ili atazame mara ya pili.