Si Kosa, ni Kimvita

Mpwa wangu yuko gredi ya tano. Juzi alinijia na daftari la insha limejaa wino mwekundu. Alikuwa ameandika "nalikwenda sokoni na nyanya", mwalimu akaikata "nali" akaweka "nili". Mistari miwili chini, "mtele" umegeuzwa "mchele". Kijana hakulia wala hakulalamika. Aliniuliza tu, "Mjomba, kwani nyanya hajui Kiswahili?"

Nimekuwa nikirekodi na kuandika lahaja za pwani kwa miaka mingi, na sijapata kuulizwa swali zito kuliko hilo. Nyanya yake amezaliwa Kibokoni, ndani ya Mji wa Kale wa Mombasa, na mamake vile vile. Anachosema ni Kimvita, lahaja ya Kiswahili ya Mombasa, lugha ile ile aliyotungia mashairi Muyaka bin Haji zama za vita vya Mazrui na Busaidi, koo mbili zilizogombea mji huu. Nalimjibu mtoto kuwa nyanya anajua Kiswahili kingi kuliko mimi na mwalimu wake tukijumlishwa. Lakini jibu fupi halitoshi, ndiyo maana naandika haya.

Lugha ndogo nyingi hufa zikionekana. Wadahalo wa upande wa Lamu na mto Tana, wenye lugha ya Kikushi iliyo na zile sauti za kugonganisha ulimi, wanahamia Kiswahili na wanajua kuwa wamehama. Mmvita hajui. Anaposema "njia" badala ya "ndia" haoni kuwa ameacha kitu, kwa sababu alikuwa Mswahili asubuhi na jioni bado ni Mswahili. Hata ukihesabu watu nyumba kwa nyumba, aliyeacha Kimvita hapungui popote, utamwandika msemaji wa Kiswahili kama jana. Kimvita kinamezwa na nduguye, na mmezaji ndiye tunayempigia makofi kila tarehe 7 Julai, siku ya Kiswahili duniani. Nami huyapiga, kwa moyo wangu wote. Wataalamu waliokutanishwa na UNESCO mwaka 2003 waliweka vigezo tisa vya kupimia uhai wa lugha, na kimojawapo ni kama wazee wanawarithisha watoto. Kwangu mimi hicho ndicho kigezo chenyewe. Yale mengine nayatazama baadaye.

Ilifikaje hapa? Wamishenari waliokaa Mombasa, kuanzia Krapf aliyefika mwaka 1844, waliegemea Kimvita; wenzao wa Unguja wakashikilia Kiunguja. Mwaka 1928 mkutano ukaketi, tena hapa hapa Mombasa, ukachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kilikuwa kimeshasafiri na misafara hadi Kongo, na kwa hilo siwalaumu. Ninacholaumu ni kilichofuata: lahaja ambayo haikuchaguliwa ikaanza kusahihishwa kama kosa.

Na kosa halina kanuni, Kimvita kinazo. Tazama: macho ni mato, kichwa ni kitwa, mchuzi ni mtuzi, kucheka ni kuteka. T hiyo hutamkwa ulimi ukigusa meno, siyo t ya "kuteka maji" ambayo ulimi wake hurudi nyuma kidogo. Nj nayo huwa nd ya meno: ndia, ndaa, na "ndoo" ya kumwita mtu aje. Sasa mtu akidhani ni kubadilisha herufi tu, atasema chakula ni "takula", na hakuna nyumba Mji wa Kale itakayomwelewa. Chakula hubaki chakula, kwa sababu ch yake ni ki- iliyokutana na irabu. Ina historia nyingine kabisa. Mtoto wa miaka minne aliyelelewa na nyanyake huzitenga ch hizo mbili bila kufundishwa. Mwanafunzi wangu wa isimu humchukua muhula mzima.

Kuna na mpumuo, ile pumzi inayotoka pamoja na konsonanti, hapa naionyesha kwa alama ya '. K'aa wa ufuoni si sawa na kaa la moto, na p'aa wa mwituni si paa la nyumba. K'aa na p'aa wamo katika ngeli ambayo zamani ilianza kwa sauti ya puani. Sauti hiyo ilidondoka mbele ya k na p, ikaacha pumzi nyuma yake. Paa la nyumba halikuwahi kuwa nayo, kwa hivyo halipumui. Weka kiganja mbele ya mdomo wa mzee wa Mombasa, utaihisi tofauti kwa ngozi. Kwa herufi tunazoandikia leo maneno hayo yote yana sura moja, na mtoto anayejifunza kwa kitabu peke yake hana pa kuipata ile pumzi.

Ndiyo maana siamini sana orodha za maneno. Nalianza kazi kwa orodha: naketi mbele ya bibi, nauliza kwa Kiswahili sanifu, naandika. Nyumbani nikisikiliza naona kila bibi amenijibu kwa sanifu, safi kabisa. Walikuwa wakinikirimu, mgeni akija na lugha ya shule, hupewa lugha ya shule. Sasa huweka rikoda, nikanyamaza, nikawaachia mtu na shogaye wakune nazi wakizungumza yao. Feni naizima kwanza, na madirisha ya upande wa barabara nayafunga kwa sababu ya tuktuk. Sauti naihifadhi bila kuibana, maana faili likibanwa sana hizo pumzi ndizo huharibika mwanzo. Na kabla ya yote naomba ruhusa, kisha nakala ya kwanza hubaki kwa mwenye nyumba.

Kwa njia hiyo nimepata mambo ambayo nisingejua kuyauliza. Mvuvi mmoja alikuwa akipanga safari na mwanawe, akasema mtondo bamvua, maji yatapwa mpaka miamba ionekane, watangoja siku hiyo. Mtondo ni siku inayofuata kesho kutwa, na baada yake ni mtondogoo. Bamvua ni yale maji makubwa ya mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Katikati yake kuna maji mafu. Mtu anayeishi kwa bahari anahitaji majina ya siku nne mbele, kwa sababu ndivyo anavyohesabu chakula. Mwanawe anauza vifaa vya simu mjini. Alielewa "kesho kutwa". "Mtondo" aliuliza maana yake, nami nasikia kwenye rekodi babake anavyosita kabla ya kumjibu.

Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 7, inaitaka serikali ilinde na kuendeleza lugha mbalimbali za Wakenya. Sioni kwa nini Kimvita kiachwe nje kwa sababu tu nduguye ana cheo. Sitaki shule ziache sanifu. Mpwa wangu ataihitaji Kisumu na Dodoma. Nalikwenda kumwona mwalimu wake, nikamwomba jambo moja: akiona "mtele", asikate, aandike pembeni "Kimvita", kisha aweke la sanifu. Alikubali, na akaniambia nyanya yake mwenyewe wa Vanga husema vingine kabisa.

Jioni ile nalimpa mpwa wangu rikoda akarekodi mwenyewe. Akaenda jikoni akamwonyesha nyanya daftari, akamuuliza kama ni kweli zamani watu wote hapa walikuwa wakisema "nalikwenda". Nyanya aliiweka mbuzi ya nazi kando, akafuta mikono kwenye leso. "Ndoo," akamwambia, "keti hapa."