Baiskeli ya mlima ya kwanza: hela ikiwa ndogo, anza kukagua gurudumu la nyuma

Mtu akiniambia anatafuta baiskeli ya mlima na mfukoni ana shilingi laki tatu za Tanzania, simuulizi anapenda rangi gani wala anataka gia ngapi. Namuuliza ataiendesha wapi. Akinijibu ni njia za vumbi na mashamba huku kwetu Arusha kwenye miteremko ya Meru, kupanda Ilboru, kuzunguka msitu wa Olmotonyi, na siku moja moja kwenda Lushoto, namwambia hela yake inatosha. Ila itabidi akubali mambo mawili: anunue mtumba, na aachane na springi.

Hilo la springi ndilo linaloleta ubishi kila siku hapa karakana, kwa hiyo nianze nalo.

Baiskeli mpya za bei ya chini karibu zote zina springi mbele, na nyingi zina springi nyuma pia. Ukizikalia dukani zinanesanesa na moyo unaridhika. Sasa angalia kilichomo ndani. Uma wa mbele, yaani ile mikono miwili inayoshika gurudumu la mbele, ukiwa mzuri una vitu viwili: springi, au hewa, ya kubeba uzito wako, na mafuta yanayopenya kwenye tundu dogo ili springi ikishabonyea irudi taratibu. Uma wa bei ya chini mara nyingi una springi tupu ya chuma, mafuta ya kuituliza hayamo. Ukigonga jiwe inabonyea, kisha inarudisha nguvu ile ile kwa ghafla, na gurudumu linaruka juu pale pale ulipotaka ling'ang'anie ardhi. Ukisimama kwenye pedeli kupanda kilima, sehemu ya jasho lako inaishia kubonyeza springi. Halafu kuna uzito. Uma wa aina hiyo unaweza kuzidi kilo mbili na nusu, wakati uma mgumu wa chuma unacheza kwenye kilo moja.

Springi ya nyuma ndiyo siitaki kabisa kwa bei hiyo. Fremu yenye springi nyuma ina maungio, na kila ungio lina bushi, kipete cha ndani kinachoruhusu ungio kuzunguka. Kwenye baiskeli rahisi bushi hizo ni za plastiki, na vumbi letu la volkano, laini kama unga wa ngano, linaingia na kuzisaga. Kijana mmoja wa Ngaramtoni aliniletea yake ikiwa bado inang'aa rangi. Nilishika fremu kwa mkono mmoja na gurudumu la nyuma kwa mkono mwingine, nikalisukuma pembeni, likacheza upana wa kidole. Madukani hakukuwa na bushi za saizi ile. Tulimaliza kwa fundi wa kuchonga vyuma, akatuchongea za shaba, na gharama yake ingetosha kununua matairi mawili mapya.

Anayedhani mlima haushukiki bila springi ajue huu mchezo ulianzaje. Miaka ya 1970, vijana wa Marin County, California, walikuwa wakishuka milima ya kwao kwa baiskeli kuukuu za Schwinn, za Kimarekani, nzito, za miaka ya 1930 na 1940. Kwa kawaida hazikuwa na springi mbele wala nyuma. Breki ilikuwa ya kukanyaga pedeli kinyumenyume, na ilichemka mpaka grisi ya ndani ya habu, kitovu cha gurudumu, ikaungua, ikabidi ijazwe upya. Ndiyo maana mbio zao za kushuka, zilizoanza Oktoba 1976, ziliitwa Repack, yaani "jaza upya" kwa Kiingereza. Njia ile ni ya kilomita tatu hivi, na kutoka juu hadi chini mtu anashuka karibu mita 400. Joe Breeze, mmoja wa vijana hao, alitengeneza fremu yake ya kwanza ya mlima mwaka 1977, nayo ilikuwa ya uma mgumu. Tom Ritchey naye ni wa kundi hilo hilo la mwanzo, na miaka ya 2000 alifika Rwanda akaanzisha Project Rwanda, mradi wa baiskeli za kubebea kahawa. Uma wenye springi ulianza kuenea baadaye sana, miaka ya 1990.

Kwa hiyo kazi ya springi ifanye tairi. Tairi la upana wa inchi 2.1, kwa mtu wa kilo 70, linataka upepo wa psi (kipimo cha upepo kwenye geji) 30 mpaka 35 hivi, karibu sawa na gari dogo. Wengi wanajaza mpaka tairi linakuwa jiwe, kisha wanalalamika baiskeli inawarusha. Chagua tyubu zenye vali nene kama ya gari, maana hizo unajazia kituo chochote cha mafuta na geji iko pale pale.

Sasa tuje kwenye gurudumu la nyuma. Ukiwa na dakika tano tu za kukagua baiskeli ya mtumba, nne zitumie hapo.

Gia za nyuma zinafungwa kwenye habu kwa njia mbili. Ya zamani na ya bei ya chini ni friwili: gia zote pamoja na kile kinachotoa ile sauti ya tiki-tiki ni kitu kimoja, kinafungwa kwa kuzungushwa kwenye nyuzi za habu. Ya pili ni kaseti: tiki-tiki imo kwenye habu yenyewe, na gia zinachomekwa juu yake. Wengi husema tofauti ni ya fundi tu, wakati wa kufungua. Mimi nasema tofauti ni ya mpandaji, na iko kwenye gololi. Kwenye habu ya friwili, gololi za upande wa kulia zinakaa ndani, nyuma ya rundo lote la gia. Kuanzia hapo ekseli, kile chuma cha katikati kinachobeba gurudumu, inapita katikati ya gia sita au saba bila kubebwa na chochote, mpaka inapofika kwenye fremu. Uzito wako unaikandamiza sehemu hiyo. Ukiruka mtaro, ukigonga shimo, inapinda kidogo. Ikishapinda, gololi zinakula upande mmoja, na siku moja inakatika. Kwenye habu ya kaseti, gololi za kulia zimesogezwa nje kabisa, karibu na fremu, na ekseli haibaki ikining'inia. Shimano, kampuni ya Kijapani ya vifaa vya baiskeli, waliingiza habu yao ya namna hiyo sokoni mwishoni mwa miaka ya 1970, na baiskeli nyingi za mlima za daraja la kati zilizokuja baadaye zinayo. Hizo ndizo zinazotufikia leo kwenye makontena ya mtumba.

Kuzitofautisha hakuhitaji spana. Simama upande wa gia, angalia katikati, kwenye gia ndogo kabisa. Utaona duara lenye meno ya kuingizia kifaa cha kufungulia. Zungusha pedeli kinyumenyume. Duara hilo likizunguka pamoja na gia, ni kaseti. Likitulia huku gia zikizunguka, ni friwili. Halafu muombe muuzaji utoe gurudumu. Akikataa, ondoka. Shika ncha ya ekseli kwa vidole viwili na uizungushe polepole. Ekseli iliyonyooka inazunguka mahali pamoja. Iliyopinda, ncha yake inachora duara hewani, hata dogo utaliona. Ukisikia mchanga ndani, pengine grisi imekauka tu na kufungua na kusafisha kutatosha, lakini ukisikia inakwama mahali fulani kila mzunguko, kikombe cha gololi kimeliwa.

Je, friwili uikatae? Ukiwa na uzito mdogo, unaendesha kwa kutulia, na ekseli imenyooka, chukua kama bei iko chini. Ukiwa na kilo 80, au mizigo, au hamu ya kuruka, tafuta kaseti hata kama rangi ya baiskeli imechubuka.

Ukiwa bado umeinama hapo, pima cheni. Tumia futi ya seremala yenye inchi. Weka alama ya sifuri katikati ya pini moja, kisha tazama inchi 12. Cheni mpya pini inaangukia kwenye 12 kamili. Ikizidi kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, milimita moja na nusu hivi, utanunua cheni. Ikizidi mara mbili ya hapo, gia za nyuma nazo zimeshalika, na cheni mpya itakuwa inaruka juu yake. Hiyo ni hoja nzuri ya kupunguziwa bei.

Gia ngapi? Tangazo la "gia 21" halikuambii kitu. Hesabu meno. Gia ndogo ya mbele ikiwa na meno 22 na kubwa ya nyuma 34, pedeli likizunguka mara moja gurudumu la inchi 26 linasogea kama mita 1.3. Ikiwa 28 mbele na 28 nyuma, linasogea kama mita mbili. Kwenye tambarare za Magugu hutajali. Kwenye kilima cha Lushoto tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utapanda ukiwa umekaa au utashuka ukokote. Kwa vifaa vya Shimano utakavyovikuta kwenye mtumba, mpangilio kutoka chini ni Tourney, Altus, Acera, Alivio, Deore. Ukipata Alivio au Deore ya zamani isiyochezacheza, ni bora kuliko Tourney mpya.

Saizi nitaipitia haraka. Simama juu ya fremu ukiwa na viatu: kati ya bomba la juu na mwili wako pawe na nafasi ya kama sentimita tano. Siti ifikie mahali ambapo kisigino kikiwa kwenye pedeli la chini mguu unanyooka. Fremu kubwa kupita kiasi hairekebishiki.

Kwenye magurudumu kuna mtego ambao lazima niueleze. Si kila "26" ni 26. Tairi la mlima la inchi 26 limeandikwa pia 559, kwa mfano 54-559, na hiyo 559 ni kipenyo cha rimu kwa milimita. Baiskeli za mjini zinazotoka Japani nyingi zina 26 x 1⅜, ambayo ni 590. Haziingiliani kamwe. Vivyo hivyo, 29 ya kisasa ni 622, lakini 28 ya Phoenix zetu za kubebea mizigo ni 635. Soma namba hizo tatu za mwisho ubavuni mwa tairi kabla ya kulipa. Kwa hela ndogo nashauri 559, kwa sababu matairi na tyubu zake utavikuta hata kwenye maduka ya baiskeli ya vijijini.

Fremu ikague chini ya bomba la chini, pale linapoungana na shingo ya usukani, na kuzunguka nguzo ya siti. Rangi mpya juu ya fremu ya zamani ikutie wasiwasi, maana huficha nyufa. Nenda na kipande cha sumaku ya spika mbovu. Ikinasa, ni chuma, na chuma kikipasuka fundi mzuri wa kuchomelea anakirudisha. Isiponasa, kwa kawaida ni alumini, na hiyo usiipeleke kwa mchomeleaji wa mageti.

Breki za kubana rimu zenye mipira mizuri zinatosha kabisa, mradi uso wa rimu haujachimbika. Ukipitisha ukucha ukahisi bonde, rimu imekwisha. Za diski za waya za bei ya chini sizipendi, kwani nyingi pedi ya upande mmoja tu ndiyo inayosogea, nayo inaisukuma sahani ipinde. Ukiangukia za mafuta za Shimano, zinataka mafuta yake ya madini. Usikubali mtu akuwekee mafuta ya breki za gari, maana mipira ya ndani itavimba na breki itakufa.

Katika ile laki tatu, baiskeli isizidi laki mbili. Inayobaki ni ya cheni, nyaya na mipira ya breki, grisi kwenye habu zote na shingo, pengine tairi moja la nyuma, na helmeti. Mkikubaliana, andikishianeni kwa mwenyekiti wa mtaa na namba iliyogongwa chini ya fremu iandikwe. Muuzaji asiyetaka kwenda huko, mrudishie baiskeli yake.

Baada ya wiki moja ya kuiendesha, irudishe karakana. Boliti za pedeli zinalegea mwanzoni, na njiti za gurudumu zilizokazwa upya zinajipanga. Kazi hiyo haichukui nusu saa, na mimi siitozi kwa mtu niliyemkagulia baiskeli.