Dhana potofu kuhusu pochi huria za Bitcoin, na ukweli tulioukuta Kibirizi

Ukimwambia mtu hapa Kigoma kwamba unashiriki kusanifu pochi ya Bitcoin, swali linakuja papo hapo: "Kwani wewe ni programa?" Dhana hii, kwamba lazima uwe programa, ndiyo inayotugharimu zaidi, kwa hiyo naanza nayo.

Pochi ni programu ya kutunza na kutuma Bitcoin, sarafu ya kidijitali; ikiwa huria, msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha, uko hadharani. Yeyote anaweza kuusoma na, kwa masharti ya leseni yake, kuurekebisha. Ila kuna mambo mengi ambayo msimbo haujiamulii wenyewe. Kitufe cha kutuma kikae wapi? Salio lisipotosha, mtumiaji aambiwe nini? Mambo hayo hujadiliwa wazi kwenye GitHub, tovuti ya kuwekea msimbo na kuujadili, na michoro ya skrini huwekwa Figma, programu ya kuchorea, ili watu waitolee maoni. Tangu 2020 ipo Bitcoin Design Community, jumuiya ya wasanifu iliyoandika mwongozo wa bure, Bitcoin Design Guide, ambao unaendelea kuboreshwa na yeyote mwenye hoja. Anayehitajika sana pale ni mtu aliyeona kwa macho yake jinsi watu wanavyokosea wanapotuma pesa. Watu hao tunao: mawakala wa pesa za simu wa mtaa wa Mwanga, na wanunuzi wa dagaa kwenye mwalo wa Kibirizi ambao hulipa na kulipwa kwa simu tangu boti zinapotia nanga alfajiri.

"Usanifu ni urembo, usalama uko kwenye hesabu"

Mwaka 1999 watafiti Alma Whitten na J. D. Tygar waliwapa watu 12 programu ya kuficha maneno ya barua pepe ili ayasome mpokeaji tu, PGP 5.0, na dakika 90 za kuitumia. Hesabu za PGP, yaani kanuni zinazoficha ujumbe, zilikuwa imara. Hata hivyo ni theluthi moja tu waliofanikiwa kutia saini na kuficha ujumbe wao ipasavyo, na watatu walituma siri yenyewe ikiwa wazi.

Kwenye pochi, mfano unaouma ni wa pochi iitwayo Electrum, Desemba 2018. Wezi waliweka seva zao, yaani kompyuta zinazoihudumia pochi, kwenye mtandao wake. Mtumiaji alipojaribu kutuma pesa, seva ilimjibu kwa ujumbe wa hitilafu uliomwelekeza apakue toleo jipya kupitia kiungo fulani. Pochi iliuonyesha ujumbe huo kama ulivyoletwa, kana kwamba umetoka kwa watengenezaji wenyewe. Waliopakua walipata pochi bandia na wakaibiwa. Hakuna aliyevunja hesabu za Bitcoin. Tatizo lilikuwa nani anaruhusiwa kuzungumza kwenye skrini. Matoleo yaliyofuata yaliacha kuonyesha maneno ya seva jinsi yalivyo. Nauleta mfano huu kila ninaposikia kwamba msimbo ukiwa wazi basi umeshakaguliwa na mambo yamekwisha.

Kinyume chake pia husemwa, kwamba msimbo ukiwa wazi mwizi ataziona funguo zako, yaani siri inayokuruhusu kutumia pesa zako. Hapana. Funguo hutengenezwa ndani ya simu yako, hazimo kwenye msimbo.

"Aliyezoea pesa za simu hahitaji kufundishwa"

Hapa ndipo penye kazi kubwa. Tulimpa mama mmoja muuza dagaa pale Kibirizi simu yenye pochi ya majaribio. Akaandika kiasi bila shida, akabandika anwani, yaani namba ya kupokelea pesa, halafu akatulia na kidole hewani. "Mwanangu, jina liko wapi?" Alikuwa akisubiri jina la mpokeaji, kama anavyoliona kila siku kabla ya kuweka namba ya siri. Skrini ilimwonyesha mfululizo wa herufi na tarakimu unaoanza na bc1q.

Swali lake ni zito. Anwani za aina hiyo, zilizopendekezwa 2017, zina ukaguzi wa ndani: ukikosea herufi chache, pochi inagundua. Lakini haiwezi kujua kama anwani sahihi ni ya mtu uliyemkusudia, na muamala ukishathibitishwa hakuna huduma kwa wateja ya kuurudisha. Basi tuweke kitabu cha majina? Wengine kwenye jumuiya watapinga, na wana haki: pochi hushauriwa kutoa anwani mpya kwa kila malipo ili mtu asifuatiliwe, ilhali kitabu cha majina hutaka anwani ileile. Mimi naona jina liwepo, hata kama ni la kumbukumbu ya mtumaji tu, na anwani igawanywe kwa mafungu ili isomeke juani. Mvutano wa namna hii hauishi bila yule mama kusikika.

Jambo la pili ni maneno ya kurejeshea pochi, unayoyaandika pembeni ili uirudishe simu ikipotea. Utaratibu uitwao BIP39, wa 2013, hutumia maneno, mara nyingi 12 au 24, kutoka orodha ya maneno 2048. Zipo orodha za Kijapani, Kihispania, Kifaransa, Kicheki na nyingine. Ya Kiswahili haimo. Kwa hiyo mtu wa Ujiji ananakili Kiingereza kwa mkono, na tahajia humpotea. Nafuu ni kwamba kwenye orodha ya Kiingereza herufi nne za mwanzo zinatosha kulitambua kila neno, hivyo pochi inaweza kumalizia yenyewe. Inapaswa kumwambia mtumiaji hivyo, na nyingi hukaa kimya. Pia wapo wanaopiga skrinishoti ya maneno hayo, kwenye simu inayotumiwa na nyumba nzima. Android inaruhusu programu kuzuia skrinishoti, lakini ukizuia bila kueleza sababu, mtu ataazima simu ya jirani apige picha.

"Mpaka uwe na sarafu, na kwetu ni matatizo"

Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kwamba sarafu za kidijitali kama Bitcoin si fedha halali nchini. Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Anayetaka kununua au kuuza ayajue hayo kwanza. Kujaribu muonekano wa pochi ni jambo jingine: upo mtandao wa majaribio, testnet, na sarafu zake hazikusudiwi kuwa na thamani.

Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia programu, alishaonyesha kwamba watu watano wanatosha kufichua sehemu kubwa ya kasoro za programu. Tafuta watano, simu ya bei ya chini, na jua la saa sita. Wape kazi moja, nyamaza, andika wanapokwama. Kisha fungua hoja kwenye GitHub ya pochi hiyo: toleo lake, aina ya simu, hatua walizopita, na maneno yao kama walivyoyatamka.