Kujiondoa katika jumuiya ya nchi: maana yake na hesabu zake

Weka hoja hii mbele ya chama cha midahalo cha shule yoyote ya Kisumu: "Kenya ijiondoe katika Jumuiya ya Afrika Mashariki." Upande wa kuunga mkono utaanza na uhuru wa nchi, upande wa kupinga utaanza na soko. Wote wawili wataruka swali lililopaswa kutangulia: kujiondoa ni kufanya nini hasa?

Jumuiya ya aina hii si urafiki wa marais, wala si mapatano ya biashara tu. Ni chombo ambacho nchi zimekikabidhi sehemu ya mamlaka yao. Kinatunga sheria, kina mahakama, na sheria zake zikigongana na za nchi juu ya jambo linalohusu mkataba, zake ndizo hutangulia. Kujiondoa basi ni kuyarudisha mamlaka hayo nyumbani, kwa utaratibu uliomo ndani ya mkataba wenyewe. Kususia vikao si kujiondoa. Kufunga mpaka pia si kujiondoa. Huko ni kuvunja mkataba ungali mwanachama. Kufukuzwa ni habari nyingine yenye kifungu chake.

Kwa Afrika Mashariki utaratibu uko katika kifungu cha 145. Kwanza Bunge la Taifa lipitishe azimio kwa thuluthi mbili ya wabunge wote wenye haki ya kupiga kura. Kenya wako 349: 290 wa maeneo bunge, 47 wawakilishi wa wanawake wa kaunti na 12 wa kuteuliwa. Zinahitajika kura 233. Hesabu ni ya wabunge wote, si ya waliofika ukumbini, kwa hiyo asiyehudhuria huwa amewasaidia wanaotaka kubaki. Kisha Katibu Mkuu wa Jumuiya, kule makao makuu yake Arusha, apelekewe notisi ya maandishi ya miezi 12. Muda huo wote nchi inaendelea kutimiza wajibu wake bila kupunguza chochote, na inaweza kuifuta notisi kabla haijaisha. Ikiisha, nchi imetoka. Kura ya maoni haimo katika kifungu hicho. Anayeitaka aseme wazi kwamba anapendekeza jambo la ziada.

Muda huo wa notisi ni wa kuheshimiwa. Mali, Burkina Faso na Niger zilipotangaza Januari 2024 kwamba zinatoka ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, papo hapo, jumuiya hiyo ilishikilia notisi ya mwaka mmoja, na kutoka kwao kukatambuliwa tarehe 29 Januari 2025. Uingereza ilipiga kura tarehe 23 Juni 2016, 51.9% wakataka kutoka Umoja wa Ulaya, lakini ikatoka hasa tarehe 31 Januari 2020, baada ya tarehe kuahirishwa mara tatu. Karatasi ya kura iliuliza kubaki au kutoka. Haikuuliza kutoka kwenda wapi, na hapo ndipo Bunge lao lilikwama.

Pengo kubwa zaidi huwa katika sheria. Ushuru unaotozwa Mombasa, Malaba au Busia unatozwa kwa Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya 2004, na hiyo ni sheria ya Jumuiya. Kenya ikitoka bila kutunga yake, ofisa wa forodha ataamka asubuhi ya kwanza hana uwezo wa kisheria wa kumtoza mtu, na wakili yeyote makini atalipeleka suala hilo mahakamani kabla ya saa sita. Uingereza iliona hatari hiyo, ikatunga sheria mwaka 2018 ya kuzigeuza sheria za Ulaya kuwa za kwake. Kazi hiyo lazima iishe ndani ya ile miezi 12.

Tuje kwa mfanyabiashara wa Isebania. Leo akivusha kabati lililotengenezwa Kisii kuingia Sirari, upande wa Tanzania, lenye thamani ya shilingi 40,000, anahitaji cheti cha uasilia kilichorahisishwa (cha kuonyesha kwamba bidhaa imetengenezwa ndani ya Jumuiya), kinachotolewa mpakani kwa bidhaa zisizozidi dola 2,000, na ushuru wa forodha ni sufuri. Kenya ikiwa nje, kabati lile linakuwa bidhaa ya kigeni. Viwango vya pamoja vya ushuru ambavyo Jumuiya hutoza bidhaa za nje ni 0%, 10%, 25% na 35%, na fanicha imewekwa kwenye 35%. Hiyo ni shilingi 14,000 juu ya kabati moja, isipokuwa kuwe na mapatano mengine ya kumlinda. Kule Busia hali ingekuwa tofauti, kwa sababu Kenya na Uganda zote zimo COMESA, soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika. Tanzania ilitoka COMESA mwaka 2000. Mjadala unaosema "mpaka" kana kwamba ni mmoja haujawafikia wafanyabiashara.

Hoja ya uhuru wa nchi nayo ina uzito, lakini ipimwe ilipo. Katika Umoja wa Ulaya nchi inaweza kushindwa kwa kura na ikabidi itii. Kwetu wakuu wa nchi huamua kwa maafikiano, kwa hiyo rais mmoja akikataa, jambo halipiti. Tena kila mwaka wa bajeti nchi huomba ruhusa ya kutotumia kiwango cha pamoja kwa bidhaa fulani. Mwenye kulalamika kwamba Arusha inatuamulia aonyeshe ni uamuzi gani Kenya iliukataa ukapita.

Gharama ya kuachana vibaya iliwahi kuonekana Kisumu. Jumuiya ya kwanza, ya 1967, ilivunjika 1977, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi 1983. Mkataba wa kugawana mali na madeni ulitiwa saini Mei 1984, baada ya upatanishi wa Victor Umbricht wa Uswisi. Meli mbili za kubeba mabehewa ya reli ziwani zilitengana: MV Uhuru ikabaki Kenya, MV Umoja ikawa ya Tanzania. Mkataba wa sasa umeliziba tundu hilo kwa ukali: anayetoka hawezi kudai mali yoyote ya Jumuiya, na wajibu wa muda mrefu alioingia unamfuata.

Ziwa lenyewe haligawanyiki. Kenya ina takriban 6% tu ya Ziwa Victoria, na kanuni za uvuvi hupangwa pamoja kupitia Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria lililoko Jinja. Kamisheni ya Bonde la Ziwa, nayo chombo cha Jumuiya, makao yake makuu yako hapa Kisumu. Mwenye hoja ya kutoka atueleze ni katika kikao gani mvuvi wa Dunga atasemewa, wakati wenye 94% wanapopanga ukubwa wa matundu ya nyavu.